Ulinganisho: ACO, ASE au GPL kwa paleti moja inayotumika Photoshop, GIMP na Inkscape

kanga_mbili
Habari wadau. Kuna paleti ya rangi 24 za nembo na vifungashio. Inatumika kwenye kompyuta tatu: moja ina Photoshop, nyingine GIMP 2.10, ya tatu Inkscape. Natafuta faili moja liwe mama, mengine yote yazaliwe humo. Kazi nyingi ni za mtandaoni, chache zinaenda kuchapwa ofseti. Kati ya mafaili ya paleti ya aina ya ACO na ASE (za Adobe, wenye Photoshop) na GPL (ya GIMP), lipi lina afadhali, na kila moja linaharibikia wapi?

FundiPikseli
GPL, mkuu. Ni maandishi matupu, unaliandika hata kwa Notepad:

GIMP Palette
Name: Nembo
Columns: 6
#
193 39 45 Nyekundu kuu
255 255 255 Nyeupe

Namba tatu za RGB (nyekundu, kijani na buluu za skrini) kuanzia 0 hadi 255, kisha jina. GIMP na Inkscape zote zinalisoma. GIMP unaliweka kwenye folda ya palettes ndani ya folda yako ya mipangilio, halafu unabonyeza kitufe cha kuonyesha upya kwenye paneli ya paleti. Inkscape folda yake utaikuta kwenye mapendeleo, sehemu ya mfumo. Ukishaweka faili, ifunge programu na uifungue tena.

Likikataa kufunguka, angalia mambo mawili kabla ya kulaumu programu. Kwanza jina: Windows ikificha viambishi vya faili, unaweza kuwa umehifadhi nembo.gpl.txt bila kujua. Pili, mstari wa kwanza lazima uanze na maneno “GIMP Palette” yenyewe. Notepad za zamani zikihifadhi UTF-8 huweka baiti tatu za BOM (alama ya kuonyesha aina ya usimbaji) mbele yake, huzioni, lakini GIMP inaziona na inakwambia faili si lake.

kanga_mbili
Asante. Na Photoshop je? Hailisomi GPL.

FundiPikseli
Hailisomi, ila inasoma CSS (faili la mitindo ya kurasa za wavuti). Kwenye GIMP bonyeza kitufe cha kulia juu ya paleti, nenda “Export as”, chagua Cascading Style Sheet. Upande wa Photoshop fungua menyu ya paneli ya Swatches (swachi, yaani sampuli za rangi), chagua “Import Swatches”, kisha badilisha aina ya faili kwenye dirisha la kufungulia, la sivyo CSS yako haitaonekana kabisa na utadhani imepotea. Njia hiyo ipo tangu Photoshop CC ya 2013. Angalizo: rangi ileile ikiwa imeandikwa mara mbili, inaingia mara moja tu. Kwa hiyo usihesabu swachi 24 ukapata 22 ukapaniki. Majina nayo yakague baada ya kuingiza.

wino_nne
Hapo kwenye ofseti ndipo siafikiani na FundiPikseli. GPL hiyo aliyoionyesha ni RGB tupu. Chukua nyeusi yako ya 0 0 0. Photoshop yenye profaili (maelezo ya jinsi kifaa kinavyotoa rangi) ya U.S. Web Coated (SWOP) v2 ikiigeuza kuwa CMYK (wino nne za kuchapa: sayani, majenta, njano na nyeusi) inakupa 75/68/67/90. Jumlisha: asilimia 300 ya wino, sahani zote nne (kila wino una sahani yake ya kuchapia). Maandishi ya pointi 7 kwenye kifungashio yakichapwa hivyo, sahani moja ikicheza kidogo tu herufi zinatoa kivuli cha rangi pembeni. Nyeusi ya maandishi inatakiwa iwe 0/0/0/100, na GPL ya namna hiyo haina pa kuiandika.

ASE inabeba RGB, CMYK, Lab (namba za rangi kama jicho linavyoiona) na kijivu ndani ya faili moja, pamoja na majina na makundi, na inasomwa na Photoshop, Illustrator na InDesign. Kuitoa Photoshop: teua swachi, kisha “Export Swatches for Exchange”. Gradienti na paterni hazihami nayo, ila kwa rangi 24 za kawaida hilo halikuhusu.

kanga_mbili
Basi ASE iwe mama?

wino_nne
Ya uchapaji, ndiyo. Lakini GIMP 2.10 haiisomi, mpaka uhamie 3.0.

bibi_paleti
Na msijaribu kuzunguka hilo kwa kuipa GIMP 2.10 faili la ACO lenye CMYK. Litafunguka vizuri kabisa, na hapo ndipo balaa. Inageuza kwa hesabu ya kutoa tu, bila profaili. Nyekundu ya 0/100/100/0, ambayo Photoshop kwa SWOP inaionyesha kama 237, 28, 36, kwa GIMP inatoka 255, 0, 0: kali, ya kuumiza macho. Mtu wa GIMP anatengeneza bango kwa nyekundu hiyo, wa Photoshop kwa ile nyingine, halafu mnagombana nani kakosea.

ACO yenyewe ina sehemu mbili ndani: toleo la kwanza ni namba bila majina, la pili linaongeza majina. Programu inayosoma sehemu ya kwanza tu inakuletea rangi bila majina. Na haina profaili, kwa hiyo 193, 39, 45 ya sRGB (nafasi ya rangi ya kawaida ya mtandaoni) ukiipaka kwenye hati ya Adobe RGB (nafasi pana zaidi) itawaka kupita kiasi ingawa namba hazijabadilika hata moja.

Binafsi ACO naiona ni ya kuwekea akiba ndani ya Photoshop tu. Kwa hilo inafaa sana, kwa sababu swachi ulizoongeza kwenye paneli zinaishi kwenye mipangilio ya programu. Ukirudisha mipangilio mwanzo, zimekwenda. Toa ACO kila unapobadilisha paleti.

dotikoma
Kabla ya kubishana kuhusu faili, rangi zenyewe zimetoka wapi? Kama zimechukuliwa kwenye JPEG iliyopita WhatsApp, mnatunza makosa. JPEG nyingi za namna hiyo ni 4:2:0, yaani pikseli nne za mraba mmoja zinashirikiana rangi moja. Kuza hadi asilimia 800 ukingoni mwa nembo, utaona nyekundu imevuja kwenye nyeupe na nyeupe kwenye nyekundu. Chukua rangi katikati ya eneo pana, mbali na ukingo, na zana ya kuchukua rangi iwe kwenye wastani wa 5 kwa 5, si pikseli moja.

Ukitumia “Import Palette” ya GIMP kwenye picha hiyo, utapata nyekundu kumi zinazofanana. Tengeneza nakala, igeuze kuwa Indexed yenye rangi chache kama 8, ndipo uingize paleti kutoka kwenye nakala hiyo.

kanga_mbili
Zimetoka kwenye PDF ya vekta (michoro ya mistari ya kihesabu, si pikseli), hazijapita JPEG. Nimeelewa hivi: GPL ni mama wa RGB, inatoa CSS kwenda Photoshop. ASE ni ya CMYK peke yake, yenye namba zilizoandikwa kwa mkono, si zilizogeuzwa. ACO ni akiba.

wino_nne
Sawa kabisa. Na majina yafanane kwenye GPL na ASE, herufi kwa herufi, namba ya CMYK ukiiweka ndani ya jina lenyewe: “Nyekundu kuu 15-98-90-5”. Hata mtu wa GIMP ataiona kwenye skrini.

bibi_paleti
Ila akibadilisha namba, akumbuke kubadilisha na jina!