Mashine ya ATP inaonyesha virusi wodini?

Nesi_Moshi: Habari zenu wakuu, niko wodi ya watoto hospitali moja hapa Moshi, wakija watoto wa kuharisha nahofia rotavairasi inabaki kwenye reli za vitanda na vitasa hata tukishafuta na klorini. Sasa tumeletewa kamashine ka ATP, unapitisha swabu (kijiti chenye pamba) unasoma namba, eti ikishuka virusi hakuna. Ni kweli? Na PCR, kile kipimo cha maabara cha jeni za kirusi, ikitoka positivu baada ya usafi ndo tumefeli?

Maabara_Arusha: Dada pole na kazi. ATP ni kemikali ya nishati inayotoka kwenye seli, yaani damu, mabaki ya chakula, bakteria. Kirusi hakina ATP yake, kwa hiyo hiyo namba inakwambia uchafu umepungua, basi. PCR nayo inasoma vipande vya jeni, kirusi kikishauawa na klorini vipande vinaweza kubaki ukapata positivu vilevile. Kujua kama bado kinaambukiza mpaka ukioteshe kwenye seli, kazi ngumu hiyo, ndo maana watafiti wengi wanatumia MS2, kirusi cha bakteria kisichomdhuru mtu, wanapaka kiasi wanachokijua, panafutwa, wanahesabu kilichobaki. Halafu swabu iwekwe kwenye maji yenye thayosulfeti ya kuzima klorini, bila hivyo dawa inaendelea kuua ndani ya kichupa na mtajidanganya kwamba mko vizuri.

Babu_Usafi: Mi naona muanze na ndoo jamani. Jik ya klorini 3.5% kikombe 1 kwa maji vikombe 6 unapata 0.5%, hiyo ya damu iliyomwagika, na kikombe 1 kwa 34 unapata 0.1% ambayo WHO waliielekeza kwa nyuso za kawaida kipindi cha korona. Sabuni itangulie maana kinyesi kinaimaliza nguvu klorini, halafu paachwe pamelowa, sio kupaka na kukausha papo hapo. Kuna na jeli isiyoonekana inayong'aa kwenye taa ya UV, paka vitasa na reli kimyakimya, wakishamaliza usafi mulika, palipong'aa hapakuguswa. Haipimi kirusi, ila pasipofutwa hata dawa kali haisaidii. Na tafadhali wale dada wa usafi msiwagombeze, ulizeni kwanza mmoja anapewa vitanda vingapi.

Nesi_Moshi: Asanteni sana, ndoo zetu hazina hata alama za lita, wanakadiria kwa macho tu. Naanzia hapo kesho, jeli nitamwomba matroni.