Sierra Nevada mwishoni mwa Oktoba

Swali: Ndugu zangu, tunapanga kutembea milima ya Sierra Nevada, California, mwishoni mwa Oktoba, tukivuka Forester Pass yenye kimo cha mita 4,009. Je, hali ya hewa itaturuhusu?

Jibu: Huenda ikawaruhusu, lakini dhoruba moja kutoka Bahari ya Pasifiki inaweza kufukia njia kwa theluji usiku mmoja, nanyi mkawa upande usio na njia fupi ya kushukia.

Jibu: Naafikiana na ndugu aliyetangulia. Isitoshe, jua huzama mapema, maji huganda ndani ya chupa usiku, na walinzi wa vituo vya juu, ambao huajiriwa kwa msimu wa kiangazi, huwa wameshaondoka.

Muulizaji: Nashukuru, tutahamishia safari Septemba mwakani.