Mwaloni wangu umegeuka manjano, nitie yurea kiasi gani?

Uani_Bamburi: Salaam wakuu. Nina mche wa mwaloni wa Marekani usiopukutisha majani, Quercus virginiana, nilioupanda kwa mbegu ya kuletewa. Una miezi 9, kimo futi moja na nusu. Majani machanga yanatoka manjano. Jioni hii nataka kutia yurea. Kiasi gani?

BustaniLikoni: Acha yurea kwanza. Mishipa ya jani ni kijani bado?

Uani_Bamburi: Ndiyo.

BustaniLikoni: Basi umekosa chuma. Udongo wetu wa matumbawe una chokaa nyingi, chuma kimo ila mizizi haikipati. Tafuta chuma cha EDDHA, yaani kilichofungwa kwa kemikali ili chokaa isikizuie. Kile cha EDTA, kemikali nyingine ya kukifunga, hakifui dafu kwenye chokaa kama hii. Maji ya kisima yanazidisha chokaa, kinga maji ya mvua utumie hayo. Umwagilie kwa kina mara mbili kwa wiki, si kunyunyizia kila siku. Umeupanda wapi?

Uani_Bamburi: Uani tu.

MamaMiche: Uani wapi, mwanangu? Mti huu hutanuka kuliko unavyorefuka, kivuli chaweza kupita mita 20.

Uani_Bamburi: Mita 2 kutoka shimo la choo. Lakini shimo limejengewa vizuri, na kivuli nakitaka pale dirishani. Kizingio cha saruji nimeshamaliza.

MamaMiche: Kivunje. Mizizi hufuata unyevu, ikipata ufa mdogo inaingia. Hamisha mvua za vuli zikianza, angalau mita 10 kutoka shimo na ukuta.

Kisauni_Kijani: Mikwaju imetukosea nini? Tena mbegu ya nje yataka kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, kabla haijasafiri. Wadudu na magonjwa huingia hivyo hivyo.

Mwembe_Tayari: Mimi hadithi hii siiamini. Mbegu ya mwaloni ikikauka imekufa, na Marekani hukomaa mwisho wa mwaka. Ilifikaje hai? Fukua shinani polepole. Mche wa aina hiyo hufanya kiazi chini ya udongo. Kama hakipo, huo si wenyewe.

Uani_Bamburi: Shemeji alizileta Desemba ndani ya mchanga mbichi. Nikazitia majini, zilizoelea nikatupa, nikapanda siku hiyo hiyo. Kibali sikuuliza. Nimefukua sasa hivi: kiazi kipo, chembamba kama kidole. Mzizi mkuu umezama, sijaona mwisho wake.

BustaniLikoni: Usiuvute. Zungushia sepeto nusu mita kutoka shinani, shuka kina hicho hicho au zaidi, uinue na bonge lake la udongo kwenye gunia. Shimo jipya liwe pana mara mbili ya bonge, lisizidi kina chake. Shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, ibaki juu ya udongo, matandazo yasiguse shina.

Uani_Bamburi: Upande wa lango kuna mita 12. Naanza kuvunja kizingio kesho.