Naomba ushauri: timu imepanda daraja na hatuna hata nauli

Mweka Hazina MLD
Salamu wote. Mimi ni mweka hazina wa timu moja ya mtaa hapa Malindi, Kenya, jina sitaji. Msimu huu tumepanda daraja, watu wamelia, tumezunguka na tuktuk mpaka saa sita usiku, pilau ikapikwa. Asubuhi yake nimefungua kitabu cha hesabu nikaona kumbe tumesherehekea msiba. Kule chini safari zetu nyingi ziliishia Kilifi, huku juu ni Mombasa na mbele yake, matatu ya Nissan ya kukodi kwenda na kurudi shilingi 14,000, refa tukiwa nyumbani twalipa sisi, ambulensi sisi, chokaa ya mistari sisi. Mapato ni watu thelathini wanaotoa mia mia, wakikumbuka. Sasa kuna mtu wa Mombasa anataka nafasi yetu ya ligi kwa 350,000, abadilishe jina aihamishie kwake. Viongozi tumegawanyika. Swali langu hasa ni hili, huu mfumo wa ligi si ndio unaotuua timu ndogo? Wangepanga kanda ndogo ndogo tungefika huku kweli?

Kocha Mstaafu
Swali zuri sana. Shida si kanda, shida ni kupanua ligi bila pesa. 2017 ligi kuu ya Kenya ilitolewa kwenye timu 16 ikafanywa 18, SuperSport, wale wa televisheni waliokuwa wakiionyesha, wakavunja mkataba wakaondoka na hela zao. 2019 wadhamini SportPesa, kampuni ya kamari, nao wakajitoa, Gor Mahia na AFC Leopards wakabaki kuchangisha, na mwaka huohuo Sony Sugar wakakosa kufika uwanjani mara tatu wakafukuzwa ligi. Timu ya kiwanda cha sukari hiyo! Sembuse nyinyi wa mia mia. Sisi enzi zetu ugenini tulikwenda na lori la chokaa, twashuka weupe kama majini, wenyeji wanaogopa hata kutukaba. Tulishinda sana kwa njia hiyo.

Baharia wa Amu
Nyinyi wa Malindi mwalia nini na lami mnayo mlangoni? Sisi wa kisiwa cha Lamu kila mechi ya ugenini twaanza na boti mpaka Mokowe, kisha basi lipite Hindi, Witu, Garsen, mpaka kufika huko kwenu miguu imevimba na mpira hujaugusa. Mkitaka kurudi siku hiyohiyo basi limeshaondoka, mlale, na kulala ni pesa. Tena hiyo kanda ndogo kwetu itakuwa ipi, tucheze na majirani zetu Shela na Matondoni mpaka Kiyama?

Ummu Salma
Samahani ndugu, uamuzi wa kuuza umepitishwa na nani? Wanachama wameketi?

Mweka Hazina MLD
Mkutano rasmi bado dada, wengi ni wavuvi wako baharini. Tumeongea kwa simu mimi, mwenyekiti na katibu. Lakini turudi kwenye mfumo wa ligi jamani.

Mwana wa Maweni
Mimi nauliza tu, huyo tajiri pesa zake ni za nini? Maana siku hizi kila anayeingia kwenye mpira nyuma yake kuna kamari. Timu ikifa na heshima yake ni bora kuliko kuvaa tangazo la haramu kifuani halafu mnaswali nalo alasiri.

Kocha Mstaafu
Jezi mnayo wenyewe ya kubandika hilo tangazo? 😂

Sheria Mkononi
Mweka hazina sikiliza vizuri. Hiyo biashara ya kuuza nafasi watu wanaifanya lakini kanuni za FIFA zinakataza. Nafasi ya ligi inapatikana uwanjani, si kwa kubadilisha jina, kuhamisha makao au kuhamisha hisa ili mtu apate daraja ambalo hakulichezea. Pili, klabu hapa Kenya inasajiliwa chini ya sheria ya michezo ya 2013, ina katiba na wanachama, watu watatu kwenye simu hawawezi kuiuza kama mbuzi wa mirathi. Na mashabiki hawasahau. Klabu ya Wimbledon ya Uingereza ilihamishwa kutoka London ikapelekwa mji wa Milton Keynes 2003, mwaka uliofuata na jina likabadilishwa, ila mashabiki walikuwa washaunda timu yao nyingine tangu 2002, wakaanzia ligi za chini, 2011 wakawa wamerudi ligi zile kubwa. Jambo la mwisho ambalo viongozi wengi hawalijui, mchezaji akihamia nchi nyingine kwa ada, asilimia 5 hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Mkiua jina la klabu leo, kesho kijana wenu akinunuliwa nani atadai?

Mweka Hazina MLD
Kaka London na Malindi wapi na wapi. Huku mtoto akiwa na kipaji haendi Ulaya, anaenda kuwa mhudumu Watamu. Hiyo asilimia 5 ya nani? Mimi nasema kitu kikifika mahali pa kufa ni afadhali apewe mwenye uwezo. Na kwa vile mambo yameshaanza kutembea kurudi nyuma ni aibu.

Ummu Salma
Yameshaanza kutembea vipi? Huyo mtu ametoa kitu?

Mweka Hazina MLD
Katoa kianzio kidogo.

Ummu Salma
Kidogo ni ngapi, na imeingia simu ya nani?

Mweka Hazina MLD
120,000. Imeingia kwangu kwa sababu mimi ndiye mweka hazina, nani mwingine sasa. Alituma kabla ya Ramadhani. 86,000 nimelipa madeni, hoteli, fundi wa jezi, marefa, risiti ninazo. 20,000 nililipia karo ya mtoto wangu, nitarudisha, na kumbukeni mimi nimeikopesha hii timu kutoka mfukoni miaka minne na hakuna aliyewahi kuniuliza nimekula nini. Kilichobaki kipo.

Baharia wa Amu
Lo! Wewe hutaki ushauri, wataka kutakaswa.

Mpiga Hesabu
Wakubwa ngojeni. Nimesoma uzi wote mara mbili. Huyu anasema wamepanda msimu huu na pilau ni ya juzi. Idd imepita kitambo. Kianzio kimetumwa kabla ya Ramadhani. Kabla ya Ramadhani walikuwa hawajapanda, sasa huyo mtu alikuwa ananunua nini? Hii ni hadithi, tena huenda huyu ndiye mnunuzi mwenyewe anatupima tutapiga kelele kiasi gani. Halafu hiyo Nissan ya abiria 14 inabeba timu nzima na benchi?

Mweka Hazina MLD
Wewe hujawahi kusafiri na timu. Nissan moja tunaingia 22 na kapu la mipira, kwenye kizuizi cha polisi wanne wanashuka wanatembea. Mimi si mnunuzi. Alituma mapema akasema mkipanda tutamalizana, msipopanda hesabu ni mkopo.

Mpiga Hesabu
Na mkapanda! Bahati iliyoje. Mechi ya mwisho mlimfunga nani, ngapi?

Mweka Hazina MLD
Hatukufunga. Wapinzani hawakutokea. Tulipewa pointi tatu za mezani.

Mwana wa Maweni
Subhanallah.

Mpiga Hesabu
Nimemaliza. Ama ni hadithi ama ni kesi. Wasimamizi fungeni uzi.

Baharia wa Amu
Msifunge. Ndugu, hiyo mechi ilikuwa Jumapili, kiwanja chenye mkwaju upande wa goli la kusini?

Mweka Hazina MLD
Ndio.

Baharia wa Amu
Basi si hadithi. Sisi ndio hatukutokea. Tulikuwa Mokowe tangu alfajiri na mabegi, aliyeahidi kutulipia basi akazima simu, vijana wakanunua mahamri tukarudi na boti. Hakuna aliyetuhonga, laiti angetuhonga mtu tungepata nauli ya kuja kuwafunga.

Kocha Mstaafu
😂😂 Ewe Mola.

Ummu Salma
Mweka hazina, ita mkutano. Peleka hizo risiti, na ile 20,000 itaje mwenyewe kabla hawajakuuliza.

Mweka Hazina MLD
Nimeandika kwenye grupu sasa hivi, Ijumaa baada ya alasiri, uwanjani. Karo pia nimeitaja. Mwenyekiti amesoma, hajajibu. Na huyo wa Mombasa akidai 120,000 yake nitaitoa wapi?

Sheria Mkononi
Si mlisema mkopo? Ulizeni atalipwa kwa miezi mingapi, mwandikiane.

Baharia wa Amu
Na sisi je? Msimu ujao tukija kucheza nanyi kirafiki, mtatulaza wapi?

Mweka Hazina MLD
Njooni. Kwangu kuna ukumbi, mikeka ipo. Nauli ya basi ndiyo siwezi.