Kuandika habari za safari: daftari limejaa majina ya mahali tu

Swali: Nimeanza kuandika safari ili nizoeane tena na watu. Lakini nikisoma nilichoandika, naona ratiba tupu. Nini kinakosekana?

Jibu: Milango ya fahamu. Keti mahali pamoja dakika 20, andika harufu, sauti, na maneno ya watu kama yalivyotamkwa. Isafishe rasimu usiku huohuo. Ukichelewa, kumbukumbu hufifia na nafasi yake huchukuliwa na “mandhari ya kuvutia”, maneno yasiyoonyesha chochote.

Jibu: Naunga mkono. Simu iweke mfukoni. Muulize mtu kuhusu kazi yake, kisha nyamaza umsikilize. Omba ruhusa kabla ya kutaja jina lake.

Jibu: Usianzie uwanja wa ndege! Chagua tukio moja, maneno 600, mengine kata.