Naomba ushauri: amplifaya ya valvu au ya transista kwa benga na rumba?

Hamjambo wenzangu. Niko Kisumu, na kabla sijatoa pesa nilizoweka akiba miaka 3, naomba mawazo yenu.

Mimi ni mtu wa benga na rumba za zamani, nyingi zikiwa kwenye santuri alizoniachia marehemu baba. Nataka kusikia gitaa la solo uzi kwa uzi, na mwimbaji awe kama ameketi nami sebuleni. Besi ya kutikisa madirisha sina haja nayo. Spika zangu ni za omu 8, na usikivu wake ni desibeli 87, yaani zinataka nguvu nyingi kiasi ili zitoe sauti kubwa.

Nimesikiliza mbili. Ya valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti) ina wati 8 kila upande; nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, ilipoanza, nywele zilinisimama. Naogopa tu kwamba kwa spika ngumu kuendesha kama hizi itaishiwa pumzi nikiongeza sauti. Tena ilitengenezewa soko la Japani, volti 100, na stima yetu ni 240, kwa hivyo lazima ninunue transfoma. Ya transista ina wati 80, safi kabisa, ila gitaa lilinikaukia masikioni.

Aliyewahi kutumia valvu na spika za aina hii, wati 8 zilimtosha? Au nibadilishe spika kwanza?