Ati chokaa ni ya makaburi! Huyu "mtaalamu" wetu kanimaliza

Wakuu, naandika huku natetemeka kwa hasira. Yule bwana mnamjua, wa kofia ya njano, anayezunguka Mji Mkongwe na makaratasi yake ya "ukarabati". Leo kaja kwetu, kaugonga kwa kidole ukuta wa mawe ya matumbawe, kisha katamka: "Chokaa ni ya makaburi. Pigeni saruji."

Ya makaburi! Mbele ya mzee fundi anayechekecha mchanga. Mzee kaweka chekeche chini, hakujibu neno.

Jamani, ukuta wa chokaa unapumua. Unyevu ukipanda kutoka ardhini, unatokea nje. Ukiuziba kwa saruji, maji yanabaki ndani, chumvi inakula jiwe, lipu inavimba, inabanduka na nyama ya ukuta. Na vichwa vya boriti za mkoko vilivyozama humo vinaoza kimyakimya. Hata paka wa Forodhani wanalijua hili! Mji umeingia kwenye urithi wa dunia mwaka 2000. Kwa kasi ya huyu bwana utatolewa kabla ya Ijumaa.

Kwa KIDOLE, wakuu. Kaugonga kwa kidole. Ya makaburi!

Boriti_Kavu: Pole mkuu. Ila si wewe uliyeuliza humu bei ya madirisha ya alumini?

Mleta uzi: Hayo ni ya jikoni. Tusitoke kwenye mada.

Boriti_Kavu: Hahaha, jikoni hakuna urithi.

MwanaKaole: Kwani kakutukana? Njoo Kaole, Bagamoyo, uone makaburi ya mawe na chokaa yalivyosimama karne na karne. Saruji ya ukumbi wangu ya juzi tu imeshapasuka. Bwana kakusifia bila kujua.

Mleta uzi: Hukumwona alivyogonga.

Bi_Baraza: Nyinyi na lipu zenu! Jirani yangu kafunga kiyoyozi, maji yanachuruzika ukutani kwangu usiku kucha. Nikisema, naambiwa nina roho mbaya.

Kijana_wa_Darajani: Afadhali maji, bibi. Mimi mlango wetu wa kuchonga wamepigilia misumari wapitishe nyaya, katikati ya ua la yungiyungi!

Mpenda_Vya_Kale: Huo mlango mnauza?

Kijana_wa_Darajani: Hatuuzi.

Mpenda_Vya_Kale: Na fremu yake?